Tiyo ya Juu ya Mnara: Namna ya Kuchagua na Kusimamisha Mlingoti wa Antena



Tangu kikundi chetu cha radio kilipoanza, wengi wananiuliza swali moja: "Profesa, mnara uko, antena iko, sasa tunangojea nini? Tutwae tiyo yoyote, tuipandishe, tuanze kusema na watu wa mbali." Swali ni zuri, na jibu lake ndiyo makala hii. Mwenye haraka asome hata mistari hii tu: ile tiyo "yoyote" ndiyo itapindika kwanza, na chini ya mnara wetu kunapita njia ya watoto wa primeri wanaokwenda kuchota maji.

1. Mlingoti ni kitu gani?

Watu wengi wanachanganya mnara na mlingoti. Mnara ni ile kazi kubwa ya vyuma, yenye miguu mitatu au mine, iliyosimama juu ya betoni na kushikwa na kamba za chuma. Mlingoti ni tiyo moja tu inayotoka juu kabisa ya mnara. Sehemu yake moja iko ndani ya mnara, sehemu nyingine iko nje, na ku ile sehemu ya nje ndiyo tunafunga antena.

Kwa nini tusifunge antena ku mnara wenyewe? Kwa sababu antena ya aina ya Yagi inasikia na kusema zaidi kwa upande mmoja. Aina hii ilitengenezwa na Wajapani wawili, Uda na Yagi, na dunia ilianza kuijua mwaka 1926. Ukitaka kusema na mtu wa Ulaya, unaigeuza kaskazini. Ukitaka kusema na mtu wa Brazili, unaigeuza magharibi. Mnara hauwezi kugeuka, lakini mlingoti unaweza. Chini yake, ndani ya mnara, kuna mashini ya kuzungusha, ama mkono wa chuma wa kuzungusha kwa nguvu ya mtu. Juu, pale mlingoti unapotokea, kuna pete ya chuma yenye bile ndani, sawa na zile za gurudumu la baiskeli. Pete hiyo inaushika mlingoti usilale, lakini inauacha uzunguke.

Basi mlingoti ni kitu kidogo: tiyo moja ya metre tatu au nne. Lakini upepo wote unaosukuma antena unapita ndani ya tiyo ile moja kabla ya kufika ku mnara. Mnara ukiwa mzuri namna gani, mlingoti ukiwa mbaya, antena itaanguka tu.

2. Jambo nililoliona mwenyewe

Nilipokuwa bado kijana, nilisaidia kazi ya namna hii kwenye kituo kimoja ambacho sitakitaja jina. Tulikuwa na antena ya Yagi ya vyuma vitatu, nzuri sana. Mlingoti hatukuwa nao. Mkubwa wetu wa kazi akatoa tiyo ya maji ya inchi moja na nusu, iliyobaki pale walipotengeneza bomba. Akasema: "Tuache metre tatu nzima nje. Antena ikienda juu, sauti itakwenda mbali." Sisi wote tukafurahi. Tena, kwa kuwa mlingoti ulikuwa mrefu, tukafunga juu yake hata ncha ya fili ya foni ya hospitali.

Miezi mine kazi ilikwenda vizuri. Tulisema na watu wa mbali, na mkubwa wetu akasifiwa. Kisha mvua za Septemba zikaanza. Usiku mmoja ukaja upepo ule unaotangulia mvua, hata mabati ya jiko yakang'oka. Asubuhi tulipotoka tulikuta mlingoti umepindika palepale juu ya pete, sawa na ndoano ya kuvulia samaki. Antena ilikuwa inaning'inia kichwa chini, imeshikwa na kabeli yake tu. Na fili ya foni ilikuwa imekatika.

Hakuna mtu aliyeumia, kwa sababu ilikuwa usiku. Lakini siku tatu hospitali haikuweza kuita gari wala ndege. Katika siku hizo tatu kulikuwa mama mmoja aliyekuwa na shida ya kuzaa, na watu walimbeba kwa kipoyi mpaka barabara kubwa. Alifika, na mtoto pia. Lakini mimi sijasahau uso wa baba mganga alipotuuliza: "Ni nani aliyepima tiyo hii?" Hakuna aliyejibu. Hakuna aliyekuwa ameipima.

Leo tuipime pamoja, kwa hesabu.

3. Upepo unasukuma kwa nguvu gani?

Mtu akiona antena juu ya mnara, anawaza uzito: "Hii kitu iko nzito, tiyo itaweza kuibeba?" Lakini uzito unashuka moja kwa moja chini, na tiyo ya chuma iliyosimama wima haisikii hata kidogo kilo 15 au 20 za antena. Upepo ndio unaopinda, kwa sababu unasukuma kwa ubavu.

Hesabu yake si ngumu. Metre kibe moja ya hewa ina uzito wa kilo 1,2 hivi. Nguvu ya upepo juu ya metre kare moja ni nusu ya uzito huo, mara mwendo wa upepo, mara mwendo tena. Tutwae upepo wa dhoruba wa metre 30 kwa sekunde moja, ndiyo kusema kilometre 108 kwa saa:

0,5 × 1,2 × 30 × 30 = nyutoni 540 kwa metre kare moja.

Antena ya vyuma vitatu inaonyesha upepo uso wa karibu nusu ya metre kare. Na kwa kuwa vyuma vyake ni vya mviringo, tunazidisha na 1,2. Basi:

540 × 0,5 × 1,2 = nyutoni 324.

Ni sawa na uzito wa kilo 33, theluthi mbili za mfuko wa simenti, unaovuta tiyo kwa ubavu.

Angalieni neno moja hapa: mwendo unazidishwa mara mbili. Upepo ukiwa wa metre 15 tu kwa sekunde, nguvu inashuka mpaka nyutoni 81. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne. Ndiyo maana tiyo inaweza kusimama miezi mine bila shida, kisha ikapindika kwa dakika moja. Kusimama jana si ushuhuda kwamba itasimama kesho.

Wengine watasema: "Hapa kwetu hakuna zile tufani za bahari." Ni kweli. Lakini upepo unaoshuka kutoka wingu kubwa la mvua unaweza kufika kilometre 100 kwa saa, hata kama ni kwa dakika chache tu. Tena ni kweli kwamba kwenye milima, ku metre 1500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya saba. Faida hiyo tuiache pembeni, iwe akiba yetu.

4. Mkono wa nguvu

Sasa tunafika ku jambo kubwa. Nguvu ni ileile, nyutoni 324. Lakini inapinda tiyo kiasi gani? Inategemea inasukuma fasi gani.

Mmeona shofere anayetaka kufungua ekru ngumu ya gurudumu. Ufunguo wake ni mfupi, ekru inakataa. Anatwaa tiyo ndefu, anaiingiza ku ufunguo, anasukuma mwisho wa tiyo, na ekru inafunguka. Nguvu ya shofere haikuongezeka. Ni mkono wake wa nguvu uliongezeka. Katika darasa la fizika tunaita jambo hili momenti: nguvu mara urefu wa mkono.

Kwenye mlingoti, pete ya juu ya mnara ni sawa na ekru, na antena ni sawa na mkono wa shofere. Kila santimetre unayoongeza kati ya pete na antena, unampa upepo ufunguo mrefu zaidi. Tuhesabu, na tuongeze pia upepo unaosukuma tiyo yenyewe:

– antena ku metre 3 juu ya pete: momenti ni karibu nyutoni-metre 1110;
– antena ku metre 1,5: karibu 520;
– antena ku nusu metre: karibu 165.

Ni antena ileile, upepo uleule, tiyo ileile. Lakini kutoka nusu metre mpaka metre tatu, kazi ya tiyo inakuwa karibu mara saba.

Na zile metre mbili na nusu zinatupa faida gani? Tuseme mnara una metre 15. Antena ikipanda kutoka 15,5 mpaka 18, sauti yako kwa yule wa mbali itaongezeka kidogo sana. Sindano ya radio yake haitasogea hata pointi moja. Tulipata hasara ile yote, na hospitali ikanyamaza siku tatu, kwa ajili ya faida ambayo hakuna mtu angeisikia.

Basi sheria ya kwanza ni hii: antena kubwa ikae karibu na pete, santimetre 30 mpaka 50 juu yake, si zaidi. Kama mna antena mbili, kubwa ikae chini na ndogo juu. Na kitu cha lazima kama fili ya foni kisifungwe ku mlingoti. Kipewe fasi yake mwenyewe.

5. Tiyo gani itafaa?

Tiyo inapinga kupindwa kwa mambo matatu: upana wake wa nje, unene wa ukuta wake, na ubora wa chuma chake. Upana ndio unaosaidia kuliko yote. Angalieni mwanzi: ndani ni mtupu, lakini unasimama katika upepo ambapo fimbo nzima ya uzito uleule ingepindika, kwa sababu nguvu yake imewekwa mbali na katikati.

Kwa wale wa kalasi ya tano na ya sita, hesabu ni hii. Twaa upana wa nje (D) na upana wa ndani (d), vyote kwa santimetre. Zidisha kila kimoja mara nne kwa chenyewe, toa cha pili katika cha kwanza, gawanya na D, kisha zidisha na 0,098. Jibu ni namba ya nguvu ya umbo. Chuma cha tiyo ya maji kinaanza kupindika kwa nyutoni 195 juu ya milimetre kare moja. Kwa hiyo zidisha namba ile na 195, na utapata momenti ambayo tiyo haiwezi kupita. Tuone tiyo tatu:

a) Tiyo ya maji ya inchi moja na nusu. Upana wa nje ni milimetre 48,3, ukuta 3,2. Namba yake ni 4,8. Inapindika ku momenti ya 935 hivi. Uzito wake ni kilo 3,6 kwa metre.

b) Tiyo ya maji ya inchi mbili. Upana wa nje ni milimetre 60,3, ukuta 3,6. Namba yake ni 8,6. Inapindika ku 1670 hivi. Uzito ni kilo 5 kwa metre.

c) Tiyo ya chuma cha mashini, upana milimetre 50, ukuta 6, chuma cha nyutoni 355. Namba yake ni 8,2, lakini kwa kuwa chuma ni bora, inapindika ku 2900 hivi. Uzito ni kilo 6,5 kwa metre.

Sasa rudini ku ile hadithi yangu. Tiyo yetu ilikuwa ya namna (a), inayopindika ku 935. Antena ilikuwa ku metre tatu, momenti 1110. Hakuna uchawi hapo, wala bahati mbaya. Ilikuwa lazima ipindike siku upepo wa metre 30 utakapofika. Na tiyo ileile, kama tungefunga antena ku nusu metre, ingebeba 165 tu, na labda ingekuwa imesimama mpaka leo.

Sheria ya pili: tiyo iwe na nguvu angalau mara mbili ya momenti uliyohesabu. Kwa sababu hatujui upepo wote unaokuja, wala kutu yote iliyo ndani.

Kuna mtego mmoja katika kununua. Mfanyabiashara anaposema "inchi mbili" ya tiyo ya maji, inchi hizo hazionyeshi upana wa nje. Inchi mbili za kweli ni milimetre 50,8, lakini tiyo ya maji ya inchi mbili ina milimetre 60,3 nje. Pete nyingi na buloni za antena zimetengenezwa kwa 50. Utalipa franga zako, utabeba tiyo kilometre nyingi, na mwisho haitaingia ku pete. Basi hapana kununua kwa jina; pima kwa milimetre, nje na ndani, kabla ya kutoa pesa.

Mambo mengine ya kuangalia:

– Mizani. Kata kipimo cha metre moja, au pima tiyo nzima na ugawanye. Kama tiyo ya namna (a) ina kilo 2,8 kwa metre badala ya 3,6, ukuta wake ni mwembamba ama umeliwa na kutu. Mizani ya sokoni inatosha.

– Unyofu. Izungushe juu ya sima laini. Ikirukaruka, imekwisha kupindika siku moja, iache.

– Meno ya skrubu. Kamwe usiunge tiyo mbili fupi kwa kiungo cha mafundi wa maji. Pale meno yalipokatwa, ukuta umebaki mwembamba, na tiyo itavunjika hapohapo. Mlingoti uwe kipande kimoja.

– Matundu. Fasi inayopindwa kuliko zote ni pale penye pete. Usitoboe hapo, wala usitie moto wa kusude.

– Aluminiumu. Ni nyepesi, na iko nyingine yenye nguvu, lakini ile ya kuokota hatuijui. Ukiiunga kwa moto inakuwa laini. Kama hujui ni ya aina gani, acha.

– Maji. Ziba ncha ya juu, acha ya chini wazi. Mvua isiingie, na ikiingia itoke.

6. Sehemu ya ndani

Wengi wanaangalia sehemu ya nje tu, kumbe sehemu ya ndani ina kazi yake. Upepo ukisukuma antena mashariki, ncha ya chini ya tiyo inataka kukimbia magharibi. Mashini ya kuzungusha ndiyo inayoizuia. Nguvu inayoipokea ni momenti kugawanya na urefu kati ya mashini na pete. Tuseme momenti ni 520. Kama urefu ule ni santimetre 30, mashini inasukumwa kwa nyutoni 1730. Kama ni metre 1,5, inasukumwa kwa 350 tu. Mashini ilitengenezwa kwa kuzungusha, si kwa kusukumwa ubavu. Ukiibana karibu na pete, meno yake yatakwisha upesi.

Sheria ya tatu: ncha ya chini ishuke ndani ya mnara angalau metre moja, na metre moja na nusu ni bora. Mlingoti wa metre 2,5 ulio na metre 1,5 ndani unashinda wa metre 4 ulio na santimetre 50 ndani.

7. Siku ya kupandisha

Kazi hii inafanywa asubuhi, bila upepo, bila wingu. Ukisikia ngurumo hata ya mbali, wote wanashuka. Mkubwa wa kazi ni mmoja, na sauti ya amri ni moja. Wengine hapana kupiga kelele.

Kwanza, angalia mnara wenyewe: buloni zote, kamba zote, miguu ku betoni. Anayepanda avae mkanda wenye kamba mbili, ili akifungua moja kupita chuma, ya pili iwe imefungwa. Chini ya mnara hakuna mtu isipokuwa wale wa kamba, na wao wasimame mbali. Kila ufunguo ufungwe uzi mkononi. Ekru moja ikianguka kutoka metre 15 inaweza kupasua kichwa.

Pili, weka mashini ndani na pete juu, lakini usikaze sana. Funga mti wa kuinulia ku mguu wa mnara, wenye puli ku ncha, na upite juu ya mnara kwa zaidi ya nusu ya urefu wa tiyo. Kamba ifungwe ku tiyo juu kidogo ya katikati, hivi itapanda imesimama wima. Wa chini ndio wanaovuta. Wa juu anaongoza tu. Akianza kuvuta kwa mikono, amekwisha kusahau kushika mnara.

Tatu, shusha tiyo ndani ya pete mpaka ku mashini. Izungushe kwa mkono duara nzima. Kama inagoma fasi moja, mashini haiko chini kabisa ya pete. Sogeza mashini, kisha jaribu tena. Ikizunguka laini, hapo ndipo ukaze buloni zote.

Nne, antena inapanda peke yake, na inafungwa kwa buloni zilizopindwa kama herufi U. Kabeli iachwe na mzunguko mlegevu, ili antena ikigeuka isiikate.

8. Radi na nyaya za umeme

Sisi wa mashariki ya Congo tuko na neno zaidi kuliko wengine. Mwaka 2016 wataalamu waliohesabu mimweko ya radi kwa satelite, kazi ya miaka 16, walionyesha kwamba fasi ya kwanza duniani ni ziwa Maracaibo, kule Venezuela, na ya pili ni Kabare, katika Kivu ya Kusini: mimweko karibu 205 kwa mwaka ku kilometre kare moja. Basi mtu asiseme radi ni bahati. Kwetu radi ni hesabu.

Kila mguu wa mnara ufungwe kwa waya nene wa shaba ku fimbo ya chuma iliyopigwa ndani ya udongo wenye unyevu, na fimbo zote ziunganishwe. Pete yenye bile haipitishi umeme vizuri. Kwa hiyo weka msuko wa shaba ulio mlegevu kati ya mlingoti na mnara. Na mvua ikikaribia, kabeli itolewe ku radio na kuwekwa nje ya nyumba. Usingoje ngurumo ya pili.

Nyaya za umeme za barabarani ni hatari kupita radi, kwa sababu ziko pale kila siku. Jumlisha urefu wa mnara, wa mlingoti na nusu ya antena, ongeza metre tatu. Kama waya wa umeme uko ndani ya urefu huo, usisimamishe kitu hapo.

9. Na sisi, tufanye nini?

Tiyo mbili ziko stoo. Nimezipima na wanafunzi wawili wa kalasi ya tano. Ya kwanza ni ya namna (a), lakini ku mizani inatoa kilo 2,9 kwa metre. Imeliwa, itafaa kwa kuanikia nguo. Ya pili ni nzima, lakini imeungwa kwa kiungo katikati. Hiyo nayo hapana.

Najua mtasikitika. Lakini radio haingojei mlingoti. Wakati tunapokusanya pesa za tiyo nzuri, tutavuta antena ya fili kati ya miti miwili. Kwa bandi ya megahezi 14, urefu ni 143 kugawanya na 14,1, yaani metre 10,1, ukikata katikati na kuunga kabeli hapo. Haigeuki, lakini inasikia dunia. Na hapana kusahau karatasi: bila ruhusa ya serikali tutasikiliza tu, hatutasema. Siku tutakapopata ruhusa, jina letu hewani litaanza na 9Q, alama ya nchi yetu.

Zoezi la wiki hii, kwa kila kalasi: mnara wetu una tiyo ya namna (b), antena ya metre kare 0,6, iliyofungwa metre moja juu ya pete, na upepo ni metre 35 kwa sekunde. Je, sheria ya pili imetimizwa? Leteni majibu Ijumaa, na muonyeshe hesabu. Upepo haupimi maneno matupu.